"Sawa dada", na watu ninaofanya nao kazi bila kuwaona

Septemba 2023, tarehe 19, saa 1 usiku, nilifungua faili la duka moja la vifaa vya ujenzi la Nyakato, hapa Mwanza, nikakuta risiti za Agosti zimeingizwa mpaka za tarehe 8 tu. Zilizobaki, mia mbili na kitu, zilikuwa bado picha. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, hutakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, yaani kesho yake. Kijana aliyekuwa na faili hilo anaishi Geita. Nilikuwa nimemwuliza mara nne, "Za Nyakato zinaendaje?" na mara zote nne alinijibu, "Sawa dada, zinaendelea."

Nikampigia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema risiti nyingi zimefifia. Anayefanya kazi yetu ya kutunza hesabu anaijua shida hii. Risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, hazichapwi kwa wino, zinachapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu. Ikikaa juani juu ya kaunta siku kadhaa, maandishi yanapauka, unabaki na karatasi nyeupe yenye kivuli cha namba. Kijana hakujua afanye nini na risiti ya namna hiyo: akisie, airuke, au amrudie mwenye duka. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Dada, mara ya kwanza niliuliza, ukaniambia si ulishaeleza."

Nilikata simu nikarudi kwenye meseji zetu kutafuta. Ni kweli. Tarehe 6, saa 4 asubuhi, aliuliza swali, na mimi nikamjibu maneno matatu: "Si nilishaeleza jamani?" Nakumbuka nilikuwa kwenye foleni ya benki. Niliandika nikaendelea na mambo yangu. Tungekuwa chumba kimoja angeuona uso wangu, angejua nimechoka tu wala sina hasira naye, angengoja ninywe chai kisha aniulize tena. Lakini Geita uso wangu haukufika. Yalifika maneno matatu, akayasoma peke yake chumbani, akakaa nayo siku kumi na tatu.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jibu la swali lake lilikuwa sentensi moja. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki. Hiyo ikisomeka pamoja na saa ya risiti, unaviingiza kwenye tovuti ya kuhakiki risiti ya TRA, mamlaka ya mapato, na taarifa zake zinatokea hata kama karatasi yenyewe imekufa. Ningemwambia hivyo tarehe 6, angemaliza tarehe 12. Usiku ule tulikesha watu wanne. Mwenye duka alituletea boksi zima la karatasi, tukawa tunaziinamisha kwenye mwanga wa taa ya simu kutafuta namba moja moja. Ritani iliingia tarehe 20, saa 4 usiku.

Niseme sisi ni nani. Tuko saba. Tunatunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo na wa kati: maduka, mashine za kusaga, gereji mbili, wauza dagaa wa jumla pale Kirumba Mwaloni. Mimi niko Buswelu, mwenzangu mmoja Mkolani, binti mmoja Musoma, mwingine Nansio kule Ukerewe, mzee wetu mstaafu Bukoba, kijana Geita, na anayetutengenezea programu yuko Kigali. Ofisi hatuna. Wote saba hatujawahi kukaa meza moja.

Baada ya usiku ule nilikaa na neno "sawa" muda mrefu. Kwetu neno hili linabeba mizigo mingi mno. Sawa, nimesikia. Sawa, nimeelewa. Sawa, nakubali. Sawa, sijaelewa ila naogopa kuonekana mjinga. Sawa, wewe ni mkubwa sitabishana nawe. Sawa, naomba haya mazungumzo yaishe. Mkiwa uso kwa uso unasikia ni sawa ipi, kwa sababu inakuja na macho, na mkono, na namna mtu anavyovuta pumzi. Ikiandikwa zote zinafanana. Na sisi tumelelewa vizuri: mkubwa akikuagiza, unaitikia. Kuuliza mara mbili kunaonekana kama kubisha. Malezi hayo siyalaumu, nami nawalea wanangu hivyohivyo. Lakini kazi ya watu wasioonana haiwezi kuishi kwa kuitikia tu.

Kwa hiyo siku hizi kwenye grupu letu mtu akipewa kazi hajibu "sawa" peke yake. Anarudisha alichoelewa. Hii ni meseji ya wiki iliyopita kutoka kwa binti wa Musoma, naiweka kama ilivyo: "Nimeelewa hivi dada: naanza na mauzo ya gereji, manunuzi baadaye. Nitakuletea kesho saa 8 mchana. Sijaelewa ile vocha ya 340,000 kama ni mkopo au malipo." Mistari mitatu. Wa tatu ndio wenye dhahabu, na zamani usingeandikwa.

Kwa upande wangu nilijiwekea sharti moja: swali likija, najibu swali. Sisemi kwanza kama nilishalijibu. Kama liko kwenye mwongozo wetu naweka kiungo, na kama watu wawili wameuliza kitu kilekile, mwongozo ndio wenye kosa, nauandika upya jioni hiyohiyo. Kampuni ya GitLab, ambayo wafanyakazi wake wametawanyika duniani, imeweka mwongozo wake wa kazi wazi mtandaoni mtu yeyote ausome. Niliusoma sehemu sehemu. Ni mkubwa kuliko tunavyohitaji sisi, lakini nilichukua wazo moja: kitu kikishaamuliwa kwa mdomo kiandikwe mahali ambapo mtu asiyekuwepo atakikuta. Wetu una kurasa kumi na nne, na ukurasa wa kwanza unahusu risiti zilizofifia.

Sasa nije kwenye kuajiri, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi, na mwalimu wangu alikuwa shangazi.

Shangazi alikuwa na mitumbwi mitatu ya dagaa kwenye kambi moja ya kisiwani Ukerewe, yeye mwenyewe akiishi Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, watu wanapumzika. Kwa hiyo shangazi alikuwa na watu kumi na kitu wanaofanya kazi usiku, ndani ya maji, kwenye kisiwa cha mbali, kwa nyavu na injini zake. Hakuwaona wakiwa kazini. Alikuwa na simu, na aliwaona mara moja kwa mwezi akipanda meli ya Nansio.

Mvuvi mpya hakumwuliza maswali mengi. Alimpeleka na wenzake kipindi kimoja cha giza, akampa mgawo sawa na wengine baada ya kutoa mafuta na chakula, kisha akaangalia jambo moja: wavu ukichanika, anasema? Wavu uliochanika ukisemwa asubuhi unashonwa mchana na usiku mnatoka nao. Ukifichwa, mnavua wiki nzima na dagaa wanapita katikati ya tundu, na tajiri aliye Kirumba anaambiwa ziwa limekuwa gumu. Mvuvi hodari aliyeficha tundu alimrudisha. Wa kawaida aliyesema alibaki naye miaka.

Mimi nilipoanza kuajiri sikumfuata shangazi. Nilifuata nilivyoona ofisini: barua ya maombi, wasifu, vyeti, kisha usaili wa dakika arobaini kwa video. Nilimchukua kijana mmoja aliyezungumza vizuri sana. Alikaa miezi miwili. Alikuwa mzuri kwenye simu, lakini maandishi yake hayakueleweka, na mtu asiyeandika kwenye kazi hii ni kama hayupo. Nilimpima kwa kitu ambacho kazi haikihitaji, na kosa hilo lilikuwa langu.

Baadaye nilisoma kwamba watu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi halisi, na kuwauliza waombaji wote maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, zilikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri. Idadi ya miaka ya uzoefu ilitabiri kidogo sana. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipiga hesabu upya, namba nyingi zikashuka, na usaili wenye mpangilio ukawa juu ya zote. Kwangu mimi hilo lilitosha kuacha usaili wa kupiga soga. Kampuni ya Automattic, wenye huduma ya kutengeneza tovuti ya WordPress.com, nao wanajulikana kwa kumpa mwombaji kazi ya majaribio yenye malipo kabla ya kumwajiri. Nilipoisoma hiyo nilimpigia shangazi nikamweleza. Akaniuliza kwani wao wana mitumbwi.

Nilichokifanya ni hiki. Mwombaji anapata picha 60 za risiti na jedwali tupu la Excel, na shilingi 40,000 za nusu siku, apite asipite. Malipo hayo siyaachi. Mtu anayetafuta kazi anakuwa ameshatumia bando na nauli na fotokopi, na mimi kumfanyisha kazi bure eti ni mtihani naona ni kumdhulumu. Ndani ya zile 60 kuna tatu zilizofifia, mbili zenye namba moja, na moja yenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mnunuzi mwingine kabisa. Maelekezo hayasemi lolote juu ya hizo. Yanasema tu, "Ukikwama, niandikie namba hii." Kisha nangoja.

Wengi hawaandiki. Wanaleta jedwali limejaa, safi, na zile tatu zilizofifia zimewekewa namba. Namba zimetoka wapi? Wamebuni. Siwaoni wabaya. Wamefundishwa kwamba mtihani ni mahali pa kuonyesha unajua. Lakini namba iliyobuniwa kwenye kitabu cha mteja inalala humo miezi hadi mkaguzi aje.

Binti wa Nansio alikuja hivi. Tulipanga kwanza tuongee kwa video, mtandao ukakata mara tatu ndani ya dakika kumi. Mara ya tatu sikumpigia tena, nikawa nafikiri nimwache. Baada ya muda ikaingia meseji: "Dada pole kwa usumbufu. Mtandao wa huku jioni unakuwa hivi, unatulia kuanzia saa 3 usiku. Kama unaruhusu, nitumie maswali nikujibu kwa maandishi sasa, halafu saa 3 na nusu tuongee." Niliisoma mara mbili. Alikuwa amenieleza tatizo, sababu yake, litakwisha lini, na nifanye nini wakati huo. Kwenye mtihani aliuliza maswali matatu kabla hajaingiza risiti hata moja. Moja lilikuwa: "Namba 22 na 47 ni risiti moja iliyopigwa picha mara mbili, au mashine imerudia namba?" Nilimwajiri. Ningeshikilia video ningempoteza kwa sababu ya mnara wa simu.

Wadhamini nawapigia, siwaandikii, na swali langu ni moja: "Huyu akikwama huwa anafanyaje?" Watu wakisifu wanasifu kwa jumla, lakini swali hili linawalazimisha wakumbuke siku fulani. Ukimya unaofuata nao ni jibu.

Mkataba tunaandikiana, na sioni sababu ya mtu kufanya kazi ya mbali bila karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Nyumbani saa hizo zinapotea bila mtu kujua. Nikiona meseji ya kazi saa 6 usiku namwuliza mhusika kesho yake kulikuwa na nini, tena kwa kumpigia, ili asikie kwamba simgombezi.

Kuna ushauri mmoja wa wageni nilioukataa. Husema kwenye kazi za mtandaoni usianze na salamu, nenda moja kwa moja kwenye jambo. Naelewa ulikotoka: mtu anakuandikia "Habari", anangoja umjibu, unajibu baada ya saa moja, naye ndipo aanze kueleza. Kazi inalala. Lakini kuondoa salamu kwetu ni kumwambia mtu humthamini. Sisi tunaweka salamu na shida kwenye meseji moja. "Mwangaluka dada, habari za huko? Naomba neno la siri la faili la gereji, la zamani limekataa." Imeisha. Ametoa salamu, na mimi naweza kumsaidia hapohapo.

Shikamoo ilikuwa na ugumu wake. Mzee wetu wa Bukoba ana miaka 61 na amefanya uhasibu tangu binti wa Nansio hajazaliwa. Lakini anayehakiki kazi yake ni huyo binti, kwa sababu macho yake ni makali na tulipanga kila faili lihakikiwe na mtu wa pili. Wiki za mwanzo binti alikuwa akikuta kosa la mzee analirekebisha mwenyewe kimyakimya. Niligundua kwa kulinganisha matoleo mawili ya faili. Nilimwelewa sana. Utamwambiaje mzee amekosea, tena mbele ya grupu?

Nilimpigia mzee nikamweleza yote, bila kuficha. Akasema nimwachie. Kesho yake binti aliandika, naona kwa kutetemeka: "Shikamoo baba. Naomba tuangalie pamoja mstari wa 114, kama ile 1,180,000 tayari ina VAT ndani yake." Dakika mbili baadaye: "Marahaba mwanangu. Ina VAT ndani, nimeihesabu mara mbili. Kosa ni langu. Asante kwa kuliona, na ukiona lingine usilale nalo." Aliandika kwenye grupu, sote tukasoma. Tangu siku hiyo kijana wa Geita alianza kuuliza maswali hadharani. Mwongozo wangu wote wa kurasa kumi na nne haukuwa umefanya hivyo.

Mei 2024 tulipata mtihani wa aina nyingine. Tarehe 12, siku ya Jumapili, nyaya za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Zilikuwa zimebaki siku nane ritani ziingie. Picha hazifunguki, faili za pamoja hazifunguki. Kilichotuokoa ni kwamba kila Ijumaa kila mtu huwa anaandika mistari michache: nina faili gani, nimefika wapi, nimekwama wapi. Nilikuwa nimezinakili kwenye daftari. Jumatatu nilikaa na daftari lile na simu ya kawaida nikawapigia mmoja mmoja, tukagawana upya kwa sauti na meseji za kawaida. Ingekuwa enzi za "sawa, zinaendelea", nisingejua hata pa kuanzia.

Na saa, tafadhali, andikeni saa vizuri. Mwenzetu wa Kigali yuko nyuma yetu saa moja, na kompyuta yake haihesabu saa kwa Kiswahili. Nilimwambia tukutane saa 3, mimi nikiwa na maana ya asubuhi baada ya chai. Aliingia saa 3 ya kwenye kompyuta yake, alasiri, sisi tumeshatawanyika. Sasa tunaandika "saa 3 asubuhi ya Mwanza, 09:00", na hakuna aliyeona ni maneno mengi.

Leo ni tarehe 17. Nilipofika hapa simu imelia, ni kijana wa Geita. "Dada habari za mchana. Nimekwama. Risiti saba za Nyakato hazisomeki mpaka namba ya uhakiki. Nimempigia mwenye duka mara mbili hapokei. Naendelea na zinazosomeka, ila hizi saba sitazigusa mpaka uniambie." Nimemjibu kwamba ameuliza vizuri, na kwamba kutoka Buswelu mpaka Nyakato si mbali, nazifuata mwenyewe. Bodaboda yuko nje ananisubiri. Nataka nimkute mwenye duka kabla hajafunga.